Maji ya Tyubu Nyekundu

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka.

Mabehewa tisa, abiria mia sita na ushee. Mlangoni mwa behewa la mwisho alisimama mwanamume mwenye koti la kijivu na mfuko wa turubai begani, akitazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Kitasa alikimbia.

Jukwaa la stesheni lilikuwa refu, lakini kila jukwaa lina mwisho, na mwisho wa hili ulikuwa unakuja mbio kuliko yeye. Aliruka. Mkono mmoja ukashika bomba la mlango, wa pili ukashika mkanda wa mfuko. Mwanamume akamkanyaga vidole. Kitasa hakuachia. Mwanamume akainua goti, akampiga teke la kifua.

Bomba likaponyoka. Mkanda haukuponyoka.

Alianguka pale saruji inapoishia na kokoto kuanza. Bastola yake, Walther ndogo aliyokaa nayo miaka minane, ikachomoka kiunoni, ikagonga chuma na kuzama chini ya mabehewa.

Yeye akabaki na mfuko. Mwanamume akabaki na treni.

Huko mbele dereva akapiga honi mara mbili, moja fupi, moja ndefu. Kitasa aliijua honi ile. Dada yake mkubwa huipiga hivyo kila anapotoka, tangu siku aliyokabidhiwa treni yake ya kwanza. Lakini zamu ya leo haikuwa yake. Lazima alikuwa amembadili mtu.

Kitasa lilikuwa jina la kazi. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa kwenye faili moja tu, na faili lenyewe lilikaa kwenye kabati lisilo na namba. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye kovu kidevuni na woga mwingi. Watu hudhani jasusi haogopi. Asiyeogopa hamalizi miaka miwili katika kazi ile. Kitasa alikuwa nayo kumi na mmoja, na bado aliogopa kama siku ya kwanza.

Akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Kitasa kwa Mkuu."

"Sema."

"Daktari wa Picha amepanda treni ya abiria. Nina mfuko wake. Bastola sina."

"Bastola iko wapi?"

"Iko chini ya reli, Mkuu."

"Sikiliza. Treni ya mizigo imetoka bohari la juu saa mbili na nusu, bila kibali. Ina mabehewa saba ya bunduki na makombora ya begani. Inashuka huku, ichepuke kwenye machimbo ya zamani ikishavuka vilima. Huko wana malori yanasubiri."

"Inashuka kwa njia gani?"

"Njia si ni moja tu? Nimepiga simu chumba cha kuongozea treni. Wanasema hakuna kitu kama hicho ukutani, kwenye picha ya projekta yao."

"Mkuu, huo ukuta ulisafishwa wiki iliyopita."

"Na nani?"

"Na huyu aliyenipiga teke."

Saa yake, Casio ya plastiki, ilionyesha saa tatu na dakika nne. Treni ya abiria ilikuwa inapanda. Treni ya mizigo ilikuwa inashuka. Simu ya dada yake huzimwa akiwa kazini, na robo saa kutoka sasa angeingia katikati ya vilima, mahali ambapo redio hufa, simu hufa, na dereva hutii taa za njia tu.

*

Ndani ya Land Cruiser, dereva akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini, Kitasa alifungua mfuko. Mlikuwa na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, bisibisi tatu, na galoni ya lita tano iliyobaki nusu. Alinusa. Harufu ilikuwa tamu kidogo. Maji yake yalikuwa ya waridi, hafifu sana, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu.

Akamimina kidogo kwenye kifuniko cha bati na kuwasha kiberiti cha gesi chini yake.

Waridi likageuka zambarau. Kisha likawa bluu, bluu ya wino wa shule.

Akatoa Nokia, akampigia mtu ambaye hakuwa kwenye faili lolote.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Leo nimekumbukwa. Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Mjomba, projekta kubwa ya tyubu tatu. Yale maji yanayokaa mbele ya tyubu kazi yake nini?"

Mjomba alikuwa fundi televisheni tangu enzi za televisheni zenye milango kama kabati. Likizo zote za shule Kitasa alizimaliza akimshikia tochi. Huwezi kumuuliza mtu wa aina hiyo swali la kazi akakujibu kwa kifupi.

"Kazi zake mbili. Tyubu inachemka, mwanangu, inachemka kama sufuria. Maji yanabeba joto kupeleka kwenye chuma cha nje. Hiyo moja. Pili, mwanga ukitoka kwenye kioo cha tyubu ukakuta hewa, unarudi nyuma na kutawanyika, picha inakuwa na ukungu. Ukikuta maji, unapita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Ndiyo maana ukibadilisha maji machafu picha inakuwa kali kama wembe."

"Na yakitiwa rangi?"

"Tyubu nyekundu huwa tunatia rangi kidogo. Wekundu unatulia."

"Rangi ya waridi inayogeuka bluu ikipata moto?"

"Nani huyo amekupa upuuzi huo? Bluu inameza nyekundu yote. Asubuhi picha ni nzuri, tyubu ikichemka wekundu unakufa, ukizima ikapoa unafufuka. Hata uite mafundi mia hawataona ubovu."

"Asante, Mjomba. Usiondoke kwenye simu."

"Naondoka niende wapi? Nina miguu?"

*

Chumba cha kuongozea treni kilikuwa kikubwa, kilichopoa, chenye zulia lililochanika karibu na mlango. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo cheupe, na picha ilirushwa kutoka nyuma yake. Njia za reli zilichorwa kwa kijani. Majina ya stesheni yalikuwa ya bluu. Treni iliyosimama haikuonyeshwa. Treni inayotembea ilikuwa nukta nyekundu.

Hapakuwa na nukta nyekundu hata moja.

Msimamizi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameketi mbele ya ukuta ule na kikombe chake cha chai kama mtu anayetazama shamba lake.

"Umeona picha hiyo, binti? Zamani kila taa ilikuwa na ukungu pembeni, kama unatazama kwa macho yenye machozi. Sasa unaweza kuhesabu mpaka mataruma. Yule Daktari wa Picha ana mikono."

"Mzee, treni ya saa tatu iko wapi?"

"Iko stesheni. Lini treni ya saa tatu iliwahi kuondoka saa tatu? Dakika ishirini za kwanza ni za kuagana."

"Imeondoka."

"Haijaondoka. Ingekuwa pale." Alielekeza kidole kwenye kijani kitupu. "Na msaidizi wangu ndiye anayepokea simu za stesheni. Hajaniambia neno."

"Mzee, nimeanguka kutoka kwenye treni yenyewe. Tazama magoti yangu."

Msimamizi akatazama magoti. Kisha akatazama ukuta. Kitasa hakumsubiri. Alimimina maji kwenye kifuniko cha bati, akawasha kiberiti chini yake. Waridi, zambarau, bluu.

"Haya ndiyo maji aliyowatilia kwenye tyubu nyekundu."

Kikombe kilitua mezani vibaya, chai ikamwagika juu ya ratiba. Msimamizi hakuifuta.

"Leo ni dereva mwanamke," alisema polepole, kama anayejisomea barua mbaya. "Alibadilishana zamu jana jioni, mwenzake anaumwa. Yule mama hachelewi. Yule hata harusi yake alifika kabla ya wapambaji."

Kitasa aliikumbuka harusi hiyo.

Wenye bunduki walikuwa wamepanga vizuri. Walihesabu zile dakika ishirini za kuagana. Treni yao ingekuwa imeshachepuka kuingia machimboni kabla abiria hawajafika vilimani. Walijua kila kitu kuhusu reli ile isipokuwa zamu ya jana jioni.

"Washa taa zote ziwe nyekundu, mzee."

"Na huyo wa mizigo atatii taa?"

"Hatatii."

"Basi nitakuwa nimemsimamisha mama wa watu katikati ya njia, huyo aje amkute amesimama." Akasimama. "Vilimani pana njia moja ya kupishana. Naweza kumwingiza humo. Lakini nikibadili reli wakati magurudumu yako juu yake, nampindua kwa mkono wangu mwenyewe. Lazima nimwone alipo. Nipe nukta zangu, binti."

Saa tatu na dakika ishirini na sita.

"Msaidizi wako yuko wapi?"

"Ameenda nyuma. Alisema feni inapiga kelele."

*

Nyuma ya ukuta palikuwa na giza, na joto la kufunga koo. Kitasa aliingia kwa kujibanza. Feni haikuwa inapiga kelele. Feni haikuwa inazunguka kabisa, na kiyoyozi kilikuwa kimechomolewa. Hivyo ndivyo walivyochagua saa ya wekundu kufa.

Projekta ilikaa juu ya jukwaa la chuma, kubwa kama friji iliyolazwa, macho matatu mbele. Jicho la kijani liliwaka. La bluu liliwaka. La tatu lilikuwa bovu, lenye weusi wa samawati, kama jicho lililopigwa ngumi.

Alimulika kwa tochi ya simu, na jambo la kwanza aliloona halikuwa mtu. Lilikuwa mstari wa sisimizi.

Walitoka kwenye ufa wa ukutani, wakapanda mguu wa jukwaa, wakakusanyika chini ya tyubu nyekundu tu. Walikuwa wanakunywa. Yale maji matamu yalikuwa yanavuja matone kwa matone, na sakafuni palikuwa pametanda dimbwi linalong'aa.

"Mjomba," alinong'ona. "Inavuja."

Sauti ikatoka kwenye Nokia, ndogo, ya hasira. "Amejaza mpaka juu. Nani anajaza mpaka juu? Unaacha kidole kimoja cha nafasi, maji yakipata moto yavimbe. Hata mlevi anajua. Huyo si fundi, huyo ni muuza sharubati."

"Zima hiyo simu."

Msaidizi alikuwa kwenye kona. Mwanamume wa makamo, shati jeupe, tai, kalamu mbili mfukoni. Mkononi alikuwa na bastola ya Beretta, na mkono ulikuwa umetulia.

Kitasa hakuizima. Aliwaza jambo la kijinga kabisa: kwamba soksi zake zimetoboka, na watakaomvua viatu wataona.

"Kaka," alisema. "Ukipiga risasi humu, ikagusa tyubu moja, zote tatu zinalipuka kwa ndani. Kioo chote hicho kitaturukia usoni."

"Sitakosea shabaha."

"Hutakosea. Lakini risasi itanipitia, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya tyubu."

Ilikuwa kweli. Alijisogeza, na mwanga wa kijani ukampitia begani. Msaidizi akapiga hatua moja kushoto kutafuta pembe safi. Kisha hatua ya pili.

Mguu wa pili ukakanyaga dimbwi.

Maji yale yanateleza kuliko sabuni. Msaidizi alikwenda chini kwa mgongo, kisogo kikagonga ukingo wa jukwaa, Beretta ikafyatuka. Risasi ikapasua dari. Kitasa alikuwa juu yake kabla vumbi halijatua, goti shingoni, pingu mkononi. Alizifunga mara ya tatu. Mara mbili za kwanza vidole vilikataa.

"We binti?" Mjomba aliita. "Mwanangu? Nini hicho kimelia?"

"Mlango, Mjomba."

"Mlango wa baruti."

Saa tatu na dakika thelathini na mbili.

"Mjomba, nataka wekundu urudi. Niimwagie maji ya friji?"

"Weee! Kioo cha moto na maji baridi? Kitapasuka, ubaki na macho mawili na moshi."

"Nimimine maji ya kwenye bluu nitie humu?"

"Hiyo ni kazi ya nusu siku. Ukimimina kwa haraka unaingiza mapovu, kila povu linakuwa mwezi kwenye picha. Mbona unahema hivyo? Haraka ya nini kwa picha tu?"

Kitasa alimulika ubavu wa projekta.

"Projekta ya wapi hiyo?"

"Ya reli, Mjomba."

Msaidizi akaguna sakafuni.

"Dada yako yuko zamu leo?" Mjomba akauliza.

"Yuko zamu."

Mjomba alipozungumza tena, sauti ilikuwa imepungua kasi. Ilikuwa ile sauti ya likizo za zamani, ya mkono mmoja ndani ya televisheni na mwingine ukimshikilia mtoto bega asiguse pasipoguswa.

"Nisikilize. Zunguka nyuma. Kuna waya tatu nene zinaingia. Nyekundu, kijani, bluu. Umeziona?"

"Nimeziona."

"Kulia kwake kuna sanduku lenye alama ya radi. Humo mna volti elfu thelathini, na hata ukizima zinabaki. Usiliguse hata kwa nywele. Mkono wa kushoto weka mfukoni."

"Umeingia mfukoni."

"Tyubu nyekundu iache ife. Waya wake haujafa. Zungusha plagi nyekundu, robo mzunguko, vuta. Vuta na ya bluu. Halafu ingiza ile nyekundu pale ilipotoka ya bluu."

Plagi ililia kwenye chuma kama meno. Sanduku la radi lilikuwa kama vidole vinne kutoka kiwiko chake, na lilitoa sauti nyembamba ya mbu. Jasho likamwingia jichoni. Hakuthubutu kulifuta, maana mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni na Mjomba alikuwa amesema ubaki mfukoni.

Robo mzunguko, vuta. Robo mzunguko, vuta.

Plagi nyekundu ikagonga ukingo, ikateleza, ikagonga tena.

Ikaingia.

Upande wa pili wa ukuta Msimamizi alipiga kelele. "Majina ya stesheni yamekufa!"

"Huyajui?"

"Nayajua tangu hujazaliwa!" Kisha sauti yake ikabadilika. "Nawaona. Mola wangu. Nawaona wote wawili."

*

Zilikuwa nukta mbili za bluu kwenye mstari mmoja wa kijani.

Kitasa alisimama nyuma ya kiti cha Msimamizi. Nukta ya chini ilikuwa ya dada yake. Nukta ya juu ilikuwa kubwa kidogo, na ilikuwa inashuka mlima. Kati yao, karibu zaidi na ya chini, mstari uligawanyika kuwa mbili kwa urefu wa kidole kisha ukaungana tena. Hiyo ndiyo njia ya kupishana.

"Hajafika," Msimamizi alisema. "Amebakiza kama kilomita moja." Akabonyeza. Kwenye meza taa ndogo ikageuka njano. "Nimembadilishia. Nimempa taa ya polepole."

"Kwa nini polepole?"

"Akiingia kona ile kwa mwendo wake, anaanguka."

Nukta ya chini ikapunguza mwendo. Nukta ya juu haikupunguza.

Hapo hapakuwa na mtu wa kumkimbiza wala wa kumpiga. Kitasa alitamani risasi, angalau risasi unajua inakotoka.

Nukta ya chini ikafika penye mgawanyiko. Ikaingia.

"Ameingia," alisema Kitasa.

"Kichwa kimeingia. Mkia bado. Mabehewa tisa, binti."

Nukta ya juu ikaja. Kitasa aligundua ameshika mgongo wa kiti na koti la Msimamizi kwa pamoja. Aliona ukucha wake mmoja umetoka damu, hakujua tangu lini.

Taa ndogo ikageuka kijani.

"Mkia umeingia. Narudisha reli." Kidole cha mzee kikabonyeza mara moja, kwa nguvu, kama anayeua mdudu.

Nukta mbili zikawa sambamba. Kidogo tu.

Kisha ya juu ikawa ya chini, na kati yao kukawa na kijani.

Msimamizi akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na hicho ndicho kitu chekundu pekee kilichoonekana mle ndani. Baada ya hapo akabonyeza vitufe viwili zaidi, akaituma treni ya mizigo kwenye njia ya mchanga isiyokwenda popote, ile ya kuzuia mabehewa yaliyokatika breki.

Saa nne kasoro dakika tano redio ikakwaruza. Treni ya abiria ilikuwa imetoka vilimani.

"Chumba, chumba. Nani ameniweka kando kama ndoo ya maji machafu? Nilikuwa ndani ya muda. Kuna lijitu limenipita na mwendo wa kichaa, limenivunjia kioo cha pembeni kwa upepo. Nataka maelezo, na nataka yaandikwe kwamba kuchelewa si kwangu."

Msimamizi alimtazama Kitasa, akamnyooshea kipaza sauti.

Kitasa akatikisa kichwa.

"Umesikika, mama," mzee akasema. "Kuchelewa si kwako."

Kitasa aliokota Motorola yake, akamwambia Mkuu maneno matatu, akauweka mfuko wa turubai begani. Mlangoni alipita juu ya zulia lililochanika bila kujikwaa. Alipofika kwenye ngazi, mahali pasipo na mtu, aliketi chini, akavua kiatu, akaitazama soksi iliyotoboka, akakivaa tena.

Kisha akaondoka kwa mwendo wa kawaida.

*

Treni ya mizigo ilizama kwenye mchanga mpaka ekseli. Dereva wake na wenzake wawili walikamatwa wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha behewa, mmoja ana mkono uliovunjika. Malori ya machimboni yalikutwa tupu, injini bado za moto. Waliokuwa wanayaendesha hawajapatikana.

Daktari wa Picha alishikwa stesheni ya nne, akilalamika kwa mhudumu kuhusu ucheleweshaji. Alikuwa ameambiwa kazi ni kuficha treni moja, hakuambiwa siku wala saa. Alipoelezwa alikuwa amepanda treni gani, aliomba maji ya kunywa, na kwa siku mbili hakuomba kitu kingine. Alifungwa miaka kumi na minne. Msaidizi alifungwa ishirini na mitano.

Nukta za bluu zilibaki ukutani miezi minne mpaka maji mapya yalipokuja. Aliyeyatia alikuwa mzee mmoja fundi televisheni aliyeletwa kwa gari la serikali, na aliacha kidole kimoja cha nafasi. Msimamizi alistaafu mwaka uliofuata. Feni ilifungiwa kufuli.

Bastola ilipatikana reli ya pili, imekanyagwa, bapa kama kijiko. Kitasa alipewa nyingine na kuandikiwa onyo kwa ile ya kwanza.

Dada yake sasa ndiye anayeendesha treni ya saa tatu, na inaondoka saa tatu. Wanapokutana nyumbani kwa Mjomba humwambia mdogo wake kwamba angetafuta kazi ya maana badala ya kukaa ofisini akipiga mihuri. Mjomba husikiliza, halafu humwomba Kitasa amshikie tochi.